Kipindue Uone Ndani: Mwongozo wa Kukagua Emuleta Pale Uzi Unapotoka

Kipungani, huku kwenye ncha ya kusini magharibi ya kisiwa cha Lamu, kifumbu hakinunuliwi kwa macho. Kwa asiyekijua, kifumbu ni kile kikapu kidogo cha miyaa kinachotiwa nazi iliyokunwa, kikakamuliwa mpaka tui litoke na machicha yabaki. Kikiwa kipya, kila kifumbu hukamua. Anayejua kununua hukitia mkono, akakigeuza ndani ikawa nje, akapitisha kidole mahali ncha za miyaa zilipoishia. Ncha iliyoachwa wazi hushika machicha. Nazi ya kwanza huoni kitu. Ya kumi unakung'uta na chembe zinakataa kutoka. Kufika mwezi, kifumbu kimechacha na tui linatoka kwa kubembelezwa. Shangazi yangu, aliyeanza kusuka kabla sijazaliwa, alinikuta siku moja nikikisifu kifumbu kwa weupe wake. Akacheka. "Hakiyulikani kwa yuu, mwanangu. Kipindue uwone ndani."

Mimi sisuki. Nakaa barazani na kompyuta inayokula umeme wa sola, naandika na kukarabati programu, na sehemu ninayoipenda zaidi katika kazi hiyo ni moja isiyoonekana kwa juu: jinsi emuleta inavyosafisha baada ya uzi kutoka. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua kama kazi hiyo imefanywa au imepakwa rangi tu. Si lazima awe fundi. Mla pilau si lazima awe mpishi, bora aijue harufu ya wali ulioshika chini.

Mgeni na mwenyeji

Emuleta ni programu inayojifanya mashine nyingine. Kijana anayecheza michezo ya PSP kwenye simu ya Android anatumia emuleta, aghalabu PPSSPP, iliyoanza mwaka 2012. Mimi natumia zaidi QEMU, ambayo Mfaransa Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2003. Programu zangu nyingi huenda kuishi kwenye vibao vya Raspberry Pi vyenye prosesa ya ARM, na kompyuta yangu ni ya Intel. Vibao vyenyewe viko mjini Lamu. Badala ya kungoja boti na maji yajae kila ninapotaka kujaribu mstari mmoja, naiambia QEMU ijifanye ARM, mambo yakaisha hapahapa.

Katika lugha ya kazi hii, programu inayoendeshwa ndani ya emuleta huitwa mgeni, na kompyuta inayoibeba huitwa mwenyeji. Majina haya yamebeba adabu yake. Mgeni huyu hajui kwamba yuko nyumbani kwa mtu, anadhani yuko kwake. Akisema "nimemaliza, naondoka," anategemea yafanyike yaleyale ambayo yangefanyika kwao. Wa kuyafanya ni emuleta, kwa niaba ya mwenyeji, tena kimyakimya.

Na uzi? Uzi ni njia moja ya utekelezaji ndani ya programu. Programu inaweza kuwa na nyuzi nyingi, huu unatoa sauti, ule unachora picha, mwingine unasikiliza mtandao, zote zikila kwenye sinia moja ya kumbukumbu. Mgeni akizaa uzi, QEMU inayoendesha programu za Linux huzaa uzi halisi upande wa mwenyeji na kuuandalia vyombo. Huupa prosesa ya kuigiza yenye rejista zake, daftari la hali ya uzi, staki ya KB 256 ya upande wa mwenyeji, na hifadhi ya kukumbuka tafsiri zilizokwisha kufanywa, yenye nafasi 4,096. Katika matoleo ya zamani kila nafasi ilikuwa kielekezi kimoja. Kwa mashine ya biti 64, hifadhi hiyo peke yake ilikuwa KB 32. Jina la uzi pia huingizwa kwenye orodha mbili tatu ambazo nyuzi nyingine huzisoma.

Kuzaa uzi hakumshindi mtu. Msimbo wake huandikwa asubuhi, kichwa kikiwa chepesi na chai ikiwa moto, na ukikosea programu haiwaki kabisa, kwa hiyo kosa hujitangaza. Kosa la kutoka halijitangazi. Tuseme fundi amesahau kuirudisha ile hifadhi ya KB 32, na mgeni ni seva ndogo inayozaa uzi mmoja kwa kila mteja, wateja 20 kwa sekunde. Hizo ni KB 640 kila sekunde. Kwa saa moja zimepita GB 2, na kompyuta ya GB 4 iliyowashwa baada ya chai haifiki adhuhuri. Jaribio la kawaida halitaliona hilo, kwa sababu jaribio hufungwa baada ya sekunde tano, na programu ikifungwa kerneli, moyo wa mfumo endeshi, huzoa kila kitu kwa mkupuo mmoja, cha halali na kilichosahauliwa. Machicha yote yanakwenda na kifumbu. Ndiyo maana kasoro za namna hii hukaa miaka bila mtu kuzitaja.

Mlango wa kutokea

Ukipewa msimbo wa emuleta uukague, usianze na maelezo yaliyopangwa vizuri juu ya faili. Tafuta mahali mgeni anapoomba kutoka. Kwenye Linux kuna maombi mawili yanayofanana kwa jina: exit huondoa uzi mmoja, exit_group huondoa programu nzima. Ila programu za kale zilitumia exit kwa maana ya mwisho wa kila kitu, kwa hiyo emuleta hulazimika kuuliza kwanza: kuna uzi mwingine uliobaki? Ukiwapo, anaondoka huyu peke yake. Usipokuwapo, nyumba nzima inafungwa.

Swali hilo dogo ndilo mtego wa kwanza. Nyuzi mbili zimebaki, na zote zinaomba kutoka kwa wakati mmoja. Kila mmoja anachungulia, anamwona mwenzake bado yupo, anajisemea kwamba si yeye wa mwisho, anapita. Nyumba imebaki tupu na taa zinawaka. Dawa yake ni kufuli linaloshikwa tangu kuuliza hadi jina kufutwa kwenye orodha. Katika QEMU kufuli hilo ndilo lilelile linaloshikwa wakati wa kuzaa uzi. Mimi nikiona kufuli moja linalinda kuzaliwa na kuondoka, moyo hutulia. Nikiona mawili, moja la kuingilia na jingine la kutokea, nakaa sawasawa kwenye kiti, maana hapo pana kazi.

Kabla ya kufuli, ishara. Ishara ni ujumbe unaoweza kuukatiza uzi popote ulipo, hata katikati ya kufungasha. Ikifika wakati daftari la uzi limekwisha kurudishwa, mpokeaji atafungua daftari lisilokuwapo. Kwa miaka msimbo huu wa QEMU ulikuwa na maoni pembeni yaliyokiri kwamba pengine utavunjika ishara ikifika, na kwamba pengine ingefaa zizuiwe. Baadaye zikazuiwa kweli, mwanzo kabisa wa njia ya kutokea. Siwacheki waliotangulia. Fundi anayeandika "hapa sijamaliza" mahali hasa alipoachia, mimi humpa alama nyingi kuliko yule ambaye msimbo wake hauna shaka hata moja. Msusi naye huacha miyaa mirefu pale anapokusudia kuendelea kesho, na akikata fupi ujue ameshakata tamaa.

Ndani ya kufuli, mpangilio ninaoutafuta ni huu. Anayengojea uzi uondoke aarifiwe. Prosesa ya kuigiza iondolewe kwenye orodha na kuachiwa. Kufuli lifunguliwe. Kisha, nje ya kufuli, yale ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyafikia: kielekezi cha "prosesa yangu" kifutwe, daftari lirudishwe, uzi ujifute kwenye orodha ya wasomaji, na hapo ndipo uzi wa mwenyeji uage. Kinachokaa ndani ya kufuli ni kile wengine wanachokiona, kilicho changu peke yangu hakina haja ya kumsimamisha mtu mlangoni. Ukiona fundi ametia kila kitu ndani ya kufuli, si mbaya, ni woga tu. Ukiona daftari linarudishwa kabla jina halijafutwa kwenye orodha, rudisha kifumbu kwa mwenyewe.

Hiyo orodha ya wasomaji inataka maneno mawili. QEMU hutumia utaratibu uitwao RCU. Nyuzi husoma orodha za pamoja bila kushika kufuli, na anayetaka kutupa kitu hungoja hadi wasomaji waliokuwa nacho mkononi wamalize. Ili ajue nani anasoma, kila uzi hujiandikisha kwa anwani iliyo ndani ya kumbukumbu yake binafsi. Uzi ukitoka bila kujifuta, orodha inabaki ikielekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa, na siku mhesabuji atakapopita kuuliza nani anasoma, ataingia nyumba iliyobomolewa. Hitilafu hiyo haitaonekana kwenye uzi wenye kosa, kwani huo umeshaondoka zamani. Itamwangusha mwingine asiye na hatia, dakika kumi baadaye, na ripoti italitaja jina lake yeye.

Wako mafundi wanaopenda kuuficha usafi wote kwenye viharibifu, zile kazi ndogo ambazo maktaba ya nyuzi huziita zenyewe uzi unapokwisha. Ni nadhifu kwa macho. Lakini kiwango cha POSIX hakisemi kiharibifu kipi kitangulie, kinasema tu kwamba mzunguko unaweza kurudiwa, na nafasi za kurudia zisipungue 4. Usafi unaotegemea mpangilio hauwezi kukabidhiwa kwa mtu asiyeahidi mpangilio. Kwa kitu kimoja kisichohusiana na kingine, sawa.

Anwani ya nani?

Hapa ndipo hutambulika fundi aliyeelewa na fundi aliyenakili.

Uzi unapozaliwa, maktaba ya mgeni huiachia kerneli wasia: nikiondoka, andika sifuri kwenye anwani hii, kisha mwamshe yeyote aliyelala akiitazama. Juu ya wasia huo ndipo pthread_join, kazi ya kuungoja uzi uondoke, inaposimama. Anayengoja hulala juu ya namba, na namba ikigeuka sifuri anajua mwenzake ameondoka kweli na staki yake inaweza kuchukuliwa. Wasia unaweza kubadilishwa baadaye kwa ombi liitwalo set_tid_address.

Sasa fikiria tuko ndani ya emuleta. Kerneli ni moja, ya mwenyeji. Uzi halisi wa mwenyeji nao umeacha wasia wake, kwa anwani yake, na kerneli hutunza wasia mmoja tu kwa kila uzi. Mgeni anasema: anwani yangu ni hii. Emuleta ina njia mbili. Ama ilipitishe ombi lilivyo hadi kwenye kerneli, ama iliandike kwenye daftari la uzi na kulitimiza yenyewe siku ya kutoka. Njia ya kwanza ni mstari mmoja. Inaonekana hata kuwa ya heshima, mgeni ameomba na mgeni amepewa. Ila kuupokea wasia wa mgeni kwa njia hiyo ni kuufuta wa mwenyeji. Na glibc, maktaba ya mwenyeji, huitumia sifuri hiyohiyo kujua staki ipi imeachwa wazi ili iupe uzi mwingine. Sifuri ikienda kwa mgeni, staki ya mwenyeji itahesabiwa kuwa ina mtu milele. Uzi umeondoka, kitanda bado kimetandikwa, na hakuna anayethubutu kukilalia.

QEMU ya siku hizi huchukua njia ya pili. Huandika anwani kwenye daftari, humrudishia mgeni namba ya uzi wake, na kando ya mstari kuna onyo fupi kwa atakayekuja na hamu ya kufupisha: usiiite kerneli hapa. Zamani haikuwa hivyo. Ombi lilipitishwa lilivyo.

Upande wa pili wa shilingi unaonekana ukimleta mgeni aliyejengwa kwa musl, maktaba nyepesi inayopendwa kwenye vifaa vidogo. Uzi wa musl uliojitenga, yaani usiongojwa na mtu, hujisafisha wenyewe hadi mwisho. Hurudisha kwa kerneli staki uliyoisimamia, kisha huomba kutoka bila kugusa staki tena. Ni kukata tawi ulilokalia, ila kwa hesabu. Katika matoleo ya zamani ya musl anwani ya wasia ilikuwa ndani ya kumbukumbu hiyo inayorudishwa, kwa hiyo uzi uliotengwa baada ya kuzaliwa kwanza uliufuta wasia, ukaiambia kerneli kwamba anwani sasa ni sifuri, hakuna wa kuarifiwa. Emuleta isiyoliandika badiliko hilo kwenye daftari lake itatimiza wasia wa zamani. Itaandika baiti nne za sifuri mahali ambapo huenda uzi mwingine umekwisha kupangishwa. Baiti nne katikati ya jina la mteja, au ya hesabu ya pesa. Hakuna kitakachoanguka. Jina litakatika tu, na mtu atalaumu kibodi.

Kwa hiyo nikipewa emuleta nionje kwa dakika tano, sina haja na mchezo wala seva. Naandika mgeni wa mistari ishirini, aliyejengwa kwa musl ya zamani, anayezaa nyuzi, kuzitenga, na papo hapo kuomba kumbukumbu mpya na kuijaza herufi. Kisha nazikagua herufi.

Kuna wasia mwingine, ule wa makufuli. Linux humruhusu mgeni kuacha orodha ya makufuli anayoyashika, ili akifa ghafla kerneli iyapitie na kuyatia alama kwamba mwenyewe amekufa. QEMU hukataa. Mgeni akiomba, anajibiwa kwamba huduma hiyo haipo, naye anarudi kwenye makufuli ya kawaida. Msimbo unaeleza sababu bila kuona haya: orodha ya mgeni haisomeki kwa kerneli ya mwenyeji, na emuleta haina njia ya uhakika ya kukiwahi kila kifo. Rafiki zangu kadhaa huuhesabu huo upungufu. Mimi naona ndiyo sehemu yenye heshima kuliko zote katika faili lile. Emuleta mbaya ingesema ndiyo, ikaiweka orodha kabatini, na mgeni angelala akiamini kuna atakayemfungulia.

Kukisoma kiraka

Mara nyingi hutapewa emuleta nzima. Utapewa kiraka, mistari kumi inayodai kuponya. Viraka vya kutoka kwa uzi vina sura zake, na baada ya muda utazijua kama unavyojua mshono wa fundi wa mtaani kwako.

Kiraka kinachoongeza amri tatu za kurudisha kumbukumbu na hakikusogeza mstari hata mmoja, kitilie shaka. Machache tu katika makosa haya ya uvujaji hutokana na mtu kusahau kabisa. Mengi hutokana na mtu kutojua ni wakati gani kitu kimekuwa si cha yeyote. Asiyejua hilo akiongeza amri ya kurudisha, atarudisha mapema, na ugonjwa wa polepole utageuka wa ghafla. Kiraka kinachohamisha mstari mmoja kutoka juu ya kufuli kwenda chini yake, na maelezo ya aya tatu juu ya sababu, hicho nakisoma mara mbili kwa raha. Kiraka kinachokuja na jaribio dogo linaloshindwa kabla yake na kupita baada yake kina haki ya kusikilizwa hata kama lugha yake imekwaruza.

Kisha kuna kiraka cha usingizi. Nitakisimulia kwa sababu kilinila wiki mbili. Emuleta moja, nisiyoitaja, ilikuwa ikianguka pale uzi unapotoka huku mwingine ukiwa bado unasoma prosesa yake. Mtu akaleta kiraka: kabla ya kuirudisha prosesa, uzi ulale milisekunde 10. Majaribio yakapita, watu wakashukuru. Nikaichukua, ikanifaa kiangazi chote. Mvua za masika zilipoingia, jua likawa la kuvizia na betri ya sola ikashuka. Kompyuta yangu betri ikishuka hujipunguzia kasi. Milisekunde 10 zilizotosha kwa mashine inayokimbia hazikutosha kwa mashine inayojikokota, na emuleta ikaanza kuanguka tena, lakini siku za mawingu tu. Nilibadilisha waya. Nilimlaumu aliyeniuzia betri. Shangazi akashauri isomewe, na kwa hali niliyokuwa nayo sikuwa mbali na kukubali. Nilipofungua msimbo hatimaye na kuliona lile neno la kulala, nilitoka nje nikatembea hadi kwenye mikoko na kurudi. Tangu hapo, kiraka chenye usingizi ndani yake sikisomi hadi mwisho.

Ndugu yake ni kiraka cha kuua. Badala ya kuungoja uzi ufike mahali pake pa kuagia, unauawa kutoka nje. Java iliupiga marufuku ya heshima mtindo huo kwenye toleo la 1.2, mwaka 1998, kwa kuitangaza Thread.stop kuwa isitumike, kwani uzi unaouawa huachia makufuli huku mali iliyokuwa ikilindwa imebaki nusu. Bionic, maktaba ya Android, haina kabisa pthread_cancel, kazi ya kukatisha uzi kutoka nje. Kwa hiyo emuleta ya simu inayotegemea kuua haitaiva huko hata kwa kuchochea. Uzi uombwe kuondoka, usikie, ufungashe.

Usiku mzima

Msimbo ukishasomwa, upimwe. Hapa watu hukosea pande zote mbili, wengine wakisifu mapema na wengine wakishtaki mapema.

Mwache mgeni azae uzi, aungoje, azae mwingine, mara laki moja, na wewe utazame faili la status la emuleta ndani ya /proc. Mistari miwili inatosha: VmRSS, yaani kumbukumbu inayokaliwa kweli, na Threads, hesabu ya nyuzi. Mwanzoni VmRSS itapanda. Usipige kelele. glibc huziweka akiba staki za nyuzi zilizoondoka, hadi MB 40, ili uzi ujao usianze upya. Pia hugawa kumbukumbu katika viwanja, hadi 8 kwa kila kiini cha prosesa kwenye mashine ya biti 64, na kiwanja hakibomolewi uzi ukiondoka, hungoja mpangaji mwingine. Kupanda huko ni kwa kifumbu kipya kinacholowa. Unachokitafuta ni pale mstari unapolala. Ukilala baada ya dakika chache na ukabaki umelala, kazi ni njema. Ukipanda kidogokidogo kwa mwendo uleule bila kuchoka, gawanya ongezeko kwa idadi ya nyuzi, upate ukubwa wa kilichosahauliwa. Namba hiyo ni kama alama ya kidole. Kwa matoleo yale ya zamani, KB 32 kamili zinakupeleka moja kwa moja kwenye ile hifadhi ya tafsiri.

Rudia kwa nyuzi kumi zinazozaliwa na kutoka kwa pamoja, na ishara zikirushwa ovyo katikati. Rudia kwenye mashine iliyopunguzwa kasi makusudi. Vyombo vya kukagua kumbukumbu kama Valgrind na AddressSanitizer vinasaidia, ila emuleta hutengeneza msimbo wake yenyewe ikiwa inaendelea, na vyombo hivyo vinaweza kubabaika au kupiga kelele pasipo na moto. Mimi huvitumia kama mbwa wa jirani: akibweka natazama, asipobweka silali.

Mimi huiwasha jioni, baada ya magharibi, betri ikiwa imejaa, na kuiacha ijiendee hadi watu watakapoamka kwa alfajiri. Hapo mgeni amekwisha kuzingojea nyuzi zake zote na amelala tu bila kufanya kitu. Msomaji atakayejaribu hivyo kwa QEMU na kufungua mstari wa Threads asubuhi, akakuta 2 mahali alipotarajia 1, asiandike malalamiko. Mmoja ni wa mgeni. Wa pili huwashwa na QEMU yenyewe tangu mwanzo, hauhesabiwi kwenye nyuzi za mgeni, na kazi yake ni kungoja wasomaji wa RCU wamalize kisha kutupa vilivyoachwa. Ni mfagiaji, na fagio bado liko mkononi.